Mtu Aliyeomba Ruhusa ya Jua

Kisiwani, Jumamosi jioni

Ngalula, mama yangu,

Umevuka kwenda ng'ambo kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako yuko nje anageuza samaki juu ya moshi, na mimi nimepata meza peke yangu. Kesho asubuhi mtumbwi utakuvusha, pikipiki itakufikisha Kolwezi, na basi litakupeleka Lubumbashi. Mambo ya kufunga sanduku, ya kutonunua chakula cha njiani, ya kumpigia simu shangazi yako ukifika, mama yako ameyasema mara nyingi mpaka hata mimi nimeyakariri. Siyarudii.

Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja. Unaijua. Ni ile ya masista wenye nyumba ya wasichana huko Lubumbashi: "Mimi, baba wa mwanafunzi, ninamruhusu binti yangu," na chini pana mstari wa sahihi. Uliileta wiki tatu zilizopita. Uliponiomba mara ya kwanza nikasema nitaisoma kwanza. Mara ya pili nikasema sioni miwani. Jana, mara ya tatu, nikasema "kesho," nawe ukaniangalia, ukaenda kuosha samaki na mama yako. Bila sahihi hiyo masista hawakupi kitanda, na bila kitanda Lubumbashi hakuna shule.

Miwani ilikuwa mfukoni mwangu, Ngalula. Nataka kukueleza kwa nini mtu anamfanyia hivyo mtoto anayempenda, na ili nieleze lazima nianzie mbali kidogo. Nivumilie. Wewe umezoea kuvumilia wakubwa wa ofisini, watu wa meza.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya kampuni, Kolwezi. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kwa gari-moshi akiwa kijana, akashuka na godoro lake na jina la mgodi kwenye karatasi. Kampuni ikampa nyumba, ikampa unga, samaki wa chumvi, shule ya watoto, na alipokufa ikampa hata jeneza. Kwetu hakuna mtu aliyepigilia msumari ukutani bila kupita biro, ile ofisi ya kambi. Balbu ikiungua hukununua nyingine. Ulikwenda biro, ukaandikisha, wakakupa bon, ile karatasi ndogo yenye sahihi ya mkubwa, kisha fundi wa umeme akaja na balbu. Nilipokua, fundi huyo nikawa mimi.

Kabla hujazaliwa, balbu ya chumba chetu iliungua. Nikaenda kuandikisha kama watu wote. Mkubwa wa kusaini alikuwa likizo Likasi. Siku kumi na moja mimi na mama yako tulikaa gizani, na mfuko wangu wa kazi ulikuwa kando ya kitanda, umejaa balbu mpya.

Mama yako aliniuliza, "Sasa ile bintu yenye iko mu mufuko wako ni nini?"

"Ni ya kampuni," nikamjibu. "Hatuna na bon."

Siku ya kumi na mbili bon ikatoka. Nikapiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, nikaingia, nikabadilisha balbu, nikamfanya mama yako asaini kwamba fundi amefika. Hadithi hii ameisimulia kwenye kila harusi, na wewe umeicheka tangu ukiwa mdogo. Mimi pia naicheka. Kitu ambacho sijakuambia ni kwamba wakati ule sikuona kichekesho chochote. Nilijiona mfanyakazi bora wa kambi nzima. Nilimsimulia padri kwa majivuno, nikingoja anisifu.

Kampuni ilipopunguza watu ulikuwa na miaka tisa. Mjomba wa mama yako alikuwa na mahali pake pa kukaushia samaki kwenye kisiwa hiki cha ziwa la Nzilo, akatuita. Ulilia siku tatu kwa sababu ya rafiki zako wa kambi, kisha ukajifunza kupiga kasia, kilio kikaisha. Wazee wa hapa walikueleza kwamba kisiwa hiki kilikuwa kilima, kwamba watu waliwinda hapa kwa miguu mpaka lilipojengwa bwawa la umeme na maji yakapanda. Uliniuliza, "Tata, kama mayi ilipanda sababu ya umeme, umeme yetu iko wapi?" Nikakuonyesha nguzo kubwa za ng'ambo zinazobeba nguvu ya maji haya kwenda migodini. Ukaziangalia, ukaangalia kibatari chetu, ukasema, "Ah." Nilikuwa fundi wa umeme kwa miaka ishirini na mbili, na ile "Ah" yako iliniuma kuliko barua ya kufukuzwa kazi.

Basi, kwa hela ya mwisho ya kampuni nikanunua plaki mbili za jua, yale mabamba ya kutengeneza umeme, betri kubwa, na waya. Unakumbuka tulivyozivusha, wewe umekaa mbele umekumbatia sanduku kama mtoto mchanga. Ningeweza kuzifunga juu ya bati mchana mmoja tu. Mama yako alikuwa ameshafagia kona ya friza ambayo hatukuwa nayo bado. Majirani walikuwa wamekuja kukaa uani kungoja taa. Nami nikasimama mbele yao wote nikasema, hapana, tuombe ruhusa kwanza.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kitu, Ngalula. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema lote hapa ili usilisikie kwa wengine likiwa limetiwa chumvi. Hakuna askari aliyekuja, hakuna karani aliyejua kama nipo duniani. Nilivaa shati la misa nikaenda mwenyewe.

Katika biro ya kwanza, karani alifungua ramani akaniambia nimwonyeshe. Nikaweka kidole.

"Tata, pale haina mutu," akasema. "Pale iko mayi."

"Shefu, mi minalala pale. Na bibi yangu, na mutoto."

"Pengine munalala. Lakini ku karte hamuko."

Ramani yake ilikuwa na ziwa tu, rangi ya buluu kutoka ukingo mpaka ukingo. Ikabidi nitafute barua ya kuthibitisha kwamba kisiwa kipo. Biro ya upande huu wa ziwa ikasema kisiwa ni cha upande ule. Biro ya upande ule ikasema maji ni ya bwawa, na mambo ya bwawa hayawahusu. Kwa mwaka mzima kisiwa chetu hakikuwa na mwenyewe. Mwishowe chifu wa kijiji cha ng'ambo akaniandikia, kwa kalamu ya mwanawe wa shule, kwamba anakiona kisiwa hicho kila asubuhi anapotoka nje. Hiyo ndiyo hati ya kweli kuliko zote zilizomo ndani ya faili langu.

Fomu ya umeme nayo ilitaka nambari ya mita ya nyumba. Nikasema sina mita kwa sababu sina umeme, ndiyo maana nimekuja. Wakasema bila nambari ya mita hawawezi kumwandikisha mtu anayetaka kutengeneza umeme. Halafu ikatakiwa barua ya watu wa mazingira, kwamba kazi yangu haitadhuru samaki. Plaki mbili juu ya bati! Nikawaambia samaki wa Nzilo hawapandi juu ya bati. Hakuna aliyecheka. Nikaona aibu kwa kuwa nimefanya mzaha mbele ya biro, nikaomba radhi, nikaenda kutafuta barua ya samaki.

Siku moja narudi kutoka huko, nikakutana na mtu wa makaa anayetoka Mutshatsha, anasukuma baiskeli yenye magunia matatu. Juu kabisa ya magunia alikuwa amefunga kiplaki kidogo kwa kamba ya mpira, na simu yake inachaji huku anatembea. Nikamuuliza kama ana ruhusa. "Ruhusa ya nini, tata?" akasema. Nikanyoosha kidole kwenye plaki. Akatazama plaki, akatazama juu, akatazama uso wangu, akaniuliza kwa upole kama nimekula siku hiyo. Akanipa muhogo. Nilikula muhogo wake nikiwa na hasira naye njia nzima.

Kwa kuwa nilijitangaza mwenyewe, watu wa biro wakaja kuniangalia. Ulikuwa Kolwezi shuleni, hukuona. Watu wawili, wamevaa maboya ya kuogelea ya rangi ya chungwa, wameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Mama yako akawapa samaki na bukari, ugali wetu, wakala vizuri. Kisha wakakuta sanduku la plaki halijafunguliwa hata kidogo, wakasema ni vizuri, lakini ni lazima walifunge mpaka faili litoke. "Tunafunga ili batu basiseme tulikuachilia, tata," mmoja akaniambia, na kweli alionekana kunionea huruma. Wakazungusha utepe mwekundu, wakayeyusha lakiri, wakapiga muhuri.

Mimi ndiye niliyewashikia mshumaa wa kuyeyushia lakiri. Mama yako alisimama mlangoni akanitazama nikiushika mshumaa.

Sanduku likakaa chini ya kitanda chetu miaka zaidi ya mitatu. Nawe kila likizo ulirudi ukasomea kwenye kibatari, na asubuhi pua yako ilikuwa nyeusi ndani, na macho yako yalikuwa mekundu. Ulikuwa ukiinama karibu sana na daftari mpaka nywele zako za mbele zikaungua mara mbili. Nililala juu ya mwanga wako, mwanangu. Niligeuka upande huu na upande ule juu ya kitanda kile nikijua kilicho chini yake, na kila mwezi nilivaa shati la misa nikaenda kuuliza faili limefika wapi. Walinijua kwa jina. Nilifurahi kwamba wananijua kwa jina.

Ulipokuwa na miaka kumi na tano ndipo tulipogombana. Nilikusikia mwenyewe ukimwambia mama yako kwamba tata anaogopa. Nikatoka nje kwa hasira, nikakuuliza umejifunza wapi kusema vile. Hukutikisika.

"Kwa tantine, kule Kasulo, batu banachimba madini chini ya kitanda yabo bila kuuliza mutu," ukasema, maana ulikaa kwa shangazi yako mtaa huo wa Kolwezi ukisoma. "Weye uko na jua juu ya nyumba, na unaogopa kuigusa?"

Nikakujibu kwamba Kasulo nimeijua kabla yako, na kwamba baba wa rafiki yako Kapinga aliingia chini ya nyumba yake bila kuuliza mtu na hakutoka. Ulinyamaza, maana ulikuwa umeimba kwenye matanga yake. Nikadhani nimeshinda. Nilikwenda kulala nimeridhika, kama mpumbavu. Baadaye nikaelewa kwamba hukunyamaza kwa kushindwa. Ulikuwa umeona watu wa aina mbili, wanaochimba kwa kujificha na wanaopiga magoti kwenye biro, na ulikuwa unatafuta kama kuna wa tatu.

Muhula ule ndipo ulipomsumbua mwalimu wako wa uraia mpaka akakutafutia sheria ya umeme. Ulikuja nayo likizo ya Noeli, kurasa za fotokopi zilizofifia, umezipigia mstari kwa kalamu ya risasi. Ukanikalisha kwenye meza hii. Ukasoma kwa Kifaransa, ukanieleza kwa Kiswahili, polepole, kama mimi nilivyokueleza zamani jinsi ya kuunga waya. Umeme mdogo wa nyumbani, wa mtu kwa matumizi yake mwenyewe, hauombewi leseni. Nilikwambia urudie. Ukarudia. Nikachukua karatasi nikasoma mwenyewe kidole kwa kidole, nikitafuta mahali ulipokosea.

"Tata," ukasema, "hapa haina kitu ya kuomba. Tangu mwanzo haikukuwa."

Najua ulingoja nifurahi. Mimi nikasema karatasi haina muhuri, nikakunja kurasa zako, nikaziweka ndani ya Biblia, nikaenda kutengeneza mashine ya mtumbwi ambayo haikuwa mbovu. Unaelewa? Kama wewe ulikuwa umesema kweli, basi ile miaka yote, nywele zako zilizoungua, mshumaa niliowashikia, vyote vilikuwa bure. Mtu hakubali kitu kama hicho kwa siku moja. Mimi sikukikubali kwa miezi.

Basi ukaenda mwenyewe. Hukuniaga. Niliijua habari kwa shangazi yako, na baadaye kwa karani mwenyewe, ambaye aliisimulia kwa namna ya mtu aliyepigwa na bado anashangaa. Ulivaa sare ya shule, bluu na nyeupe, ukakaa kwenye benchi tangu walipofungua mlango. Mchana wakakuambia shefu hayupo. Ukasema utamngoja. Wakakuambia mtoto haleti mambo ya baba yake. Ukasema hujaleta mambo ya baba, umeleta swali. Shefu alipotoka kwenda kula ukasimama, ukamwamkia vizuri kwa heshima zote, ukampa zile kurasa.

"Shefu, munionyeshe fasi yenye inakataza," ukamwambia. "Mi nilitafuta, sikuiona. Pengine macho yangu ni mabaya juu ya kibatari."

Karani ananiambia shefu alirudi ndani, akakaa na zile kurasa mpaka chakula chake kikapoa. Alitafuta mahali panapokataza, hakupaona. Akaandika kwa mkono wake kwamba utepe utolewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Katika biro hiyo nimekaa kwenye benchi hilohilo mara ambazo sizihesabu, na sikuwahi hata siku moja kumwomba mtu anionyeshe mahali penyewe. Niliwaomba wanionyeshe huruma tu.

Ukavuka na ile karatasi, unacheka tangu mbali, mama yako akapiga vigelegele mpaka bata wakaruka. Na mimi nikafanya nini? Nikakuuliza, "Nani alikutuma?" Mbele ya majirani. Nikasema umeniaibisha, umekwenda kuwaonyesha watu kwamba nyumba yangu haina mwanamume. Nikachukua karatasi, nikaigeuza huku na huku, nikasema haina muhuri wa duara, ina sahihi tu, na kwa sahihi tu sitoi utepe. Uso wako ulizima. Hiyo ndiyo mara pekee niliyouona uso wako ukizima, na ni mimi niliyeuzima. Naomba msamaha. Nilipaswa kuuomba mchana ule ule, na sasa imepita miaka mitatu, lakini nauomba hivyo hivyo.

Siku nane nikakaa na karatasi hiyo. Siku ya nane mama yako akatoka kwenye samaki, mikono imejaa magamba, na kisu chake mkononi. Akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda peke yake. Nikasema, "Mama Ngalula, ngoja kwanza."

"Mi nilingoja balbu," akasema. "Nilingoja kisiwa ipatikane ku karte. Mi nimechoka na bikaratasi yenu." Akakata utepe. Lakiri ilipasuka vipande vipande sakafuni, na mbingu haikuanguka. Akaniangalia. "Sasa weye fundi, panda."

Nikapanda. Wewe ukanishikia ngazi, ingawa nilikuwa nimekutukana. Jioni ile taa ilipowaka mlicheza mpaka kuku wakatoka bandani, na mimi nikajifanya nakagua waya ili msione machozi yangu.

Tangu hapo umewaandikia watu wa nyumba saba za kisiwa hiki. Nimekutazama likizo baada ya likizo, mtu anakuja na karatasi yake iliyokunjwa mara nane, unamkalisha, unamuuliza kwanza hali ya watoto, kisha unasoma. Hukumcheka yeyote aliyekuwa ameomba kitu kisichoombwa. Nilikuwa nakusikiliza kutoka nje, nikijifanya nanoa kisu. Jirani yetu tata Kasongo alikuambia aliombwa barua ya samaki, ukamjibu kwa upole kwamba hata baba yako aliileta, na ilikuwa barua nzuri sana. Nilicheka peke yangu hadi nikajikata kidole. Sasa mtu wa ng'ambo akiuliza nyumba yangu hasemi tena kwa fundi. Anasema kwa baba yake Ngalula. Nikisikia hivyo natembea na mabega juu siku nzima, mama yako anasema natembea kama jogoo aliyekalia kiti cha shefu. Na aseme. Najivunia, Ngalula. Najivunia mpaka inaniwia vigumu kula.

Sasa unakwenda kusoma sheria, na watu watakuambia unakwenda kujifunza kupigana. Sijui. Mimi sijasoma sheria, nimesoma mabenchi. Nikuambie nililoona kwenye mabenchi. Yule karani wa ramani, siku moja mvua ilitufungia ndani, akanionyesha faili lake mwenyewe. Alikuwa anaomba kuhamishiwa karibu na mkewe, Sandoa, na faili lilikuwa limekaa kwenye meza ya mtu mwingine muda mrefu kuliko langu. Alilitoa kwenye droo, akalifuta vumbi kwa mkono, akalirudisha. Ukimkuta mtu kama huyo, mwamkie kwanza. Halafu mwambie akuonyeshe mahali penyewe. Yote mawili unayajua tayari, nayarudia kwa sababu ni mimi ninayependa kuyasikia.

Na ukumbuke kwamba sheria yako, pamoja na uzuri wake wote, ilikaa ndani ya Biblia miezi, kisha mezani siku nane, mpaka mwanamke mmoja mwenye magamba mikononi alipokasirika. Sijui maana yake nini kwa mtu anayekwenda chuo kikuu. Utaniambia utakaporudi.

Basi, karatasi ya masista. Nimekuwa nikijiambia naogopa Lubumbashi, magari, vijana, magonjwa. Naogopa, ndiyo, kama kila baba. Lakini hiyo siyo sababu, na wewe unanijua, ungenusa uongo. Sababu ni hii. Uliponiletea ile fomu na kalamu, ukasimama kando ya kiti changu, ukasema "tata, tafazali," nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maisha yangu yote. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mtu wa meza. Mtu alikuwa ananiomba, mtu mwenye akili kuliko mimi, na nilikuwa na uwezo wa kusema "kesho." Ilikuwa tamu. Nikataka urudi uniombe tena, maana ungali ukiniomba, hujaondoka. Nikaificha miwani. Jana ulipoondoka kwenda kuosha samaki, nilikaa kwenye kiti nikaona shefu wa biro amekaa ndani yangu, na tumbo lake, na kalamu yake, na "kesho" yake. Nimewalaani wale watu miaka mingi. Ilinitosha wiki tatu na karatasi moja kuwa kama wao, tena juu ya mtoto wangu mwenyewe.

Mchana huu ulipovuka, nikaivaa miwani, nikakaa nayo. "Ninamruhusu binti yangu." Nikaisoma mara nyingi. Una miaka kumi na tisa. Nikakumbuka sare yako kwenye lile benchi, nikajiuliza, huyu mimi namruhusu nini? Nikachukua kalamu nikalifuta hilo neno, mstari mmoja ulionyooka, kama ulivyonifundisha, ili lililofutwa lisomeke. Juu yake nikaandika kwa Kifaransa changu cha kambi, na makosa yake utayasamehe: "Mimi, baba yake, ninamfahamu. Mkitaka kujua neno lolote juu yake, muulizeni yeye mwenyewe." Nikasaini, jina zima.

Halafu nikakumbuka kwamba biro ni biro, hata ya masista. Nikachukua nakala moja ya fomu hiyohiyo, kati ya zile ulizopiga fotokopi, nikaisaini jinsi wanavyotaka, bila kufuta kitu, safi kabisa. Zote mbili nimeziweka ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Ukifika mlangoni kwao, toa ile unayotaka wewe. Sitakuuliza ni ipi.

Tata yako